Fizikia ya Mpemba na Malezi ya Mtu Anayejitambua

Neno "kujitambua" limekuwa bidhaa sokoni. Linauzwa katika semina za hamasa, katika vitabu vya mafanikio vinavyopangwa chini kando ya vituo vya daladala, na katika video fupi zinazozunguka kwenye simu zetu. Kijana asiye na ajira huambiwa kwamba hajajitambua. Mtumishi wa umma aliyekaa katika cheo kimoja kwa miaka mingi huambiwa hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani naye huambiwa ajitafute ndani yake, kisha milango itafunguka. Katika mafundisho hayo, kujitambua ni kama taa ambayo swichi yake imo ndani ya mtu mwenyewe. Asiyeiwasha ana lake.

Upande wa pili wako wanaoyatwisha malezi mzigo wote. Hao husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Akishakauka hakunjiki tena, huvunjika. Kwao mtu mzima ni hesabu iliyokwisha kufungwa, na yaliyobaki ni kusoma jumla yake tu. Kauli ya kwanza huiondolea jamii lawama. Kauli ya pili humwondolea mtu wajibu. Zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili zina madhara zikiachwa peke yake.

Ninachokusudia kukitetea hapa ni hiki. Kujitambua ni uwezo wa mtu kujua anachokijua, kujua asichokijua, na kuwa na ujasiri wa kuyasema yote mawili mbele ya wenzake. Uwezo huo hauletwi na semina ya siku mbili, wala hauko kwenye damu. Hulelewa au huuawa kwa jambo dogo linalotokea kila siku majumbani, madarasani na maofisini mwetu: namna mwenye mamlaka anavyolipokea swali la aliye chini yake. Na mfano bora ninaoujua wa jambo hilo hautoki mbali. Umetoka Lushoto.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu la shule. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wenye maziwa walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alimwona mwenzake akiwahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba akahesabu kwamba akisubiri ya kwake yapoe atakosa trei ya mwisho, basi akayaingiza yangali moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya moto yalikuwa yameganda na yale ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Kijana akamwendea mwalimu wake wa fizikia na kumuuliza sababu. Alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Aliliamini jibu hilo, kama mwanafunzi yeyote mwenye adabu angefanya. Lakini wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba hutumia mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi zaidi. Baadaye Mpemba alijiunga na Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, na darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu alimjibu vilevile, kwamba amechanganyikiwa. Aliposisitiza, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile, kila alipokosea hesabu, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaichukua kauli ile kuwa mzaha wao.

Yangeweza kuishia hapo, na kwa maelfu ya watoto wengine ndipo yalipoishia. Mpemba alifanya jambo moja zaidi. Alasiri moja aliikuta maabara ya baiolojia ikiwa wazi, akachukua vyombo viwili vinavyolingana, kimoja akakijaza maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka penye ubaridi na kutazama. Alichokiona kilifanana na alichokiona Magamba. Hivyo mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, alipofika shuleni kutoa mhadhara na kukaribisha maswali, Mpemba alisimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, ni kwa nini? Wenzake walicheka. Baadaye walimlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Dk. Osborne alimwomba arudie swali, akamuuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo mwenyewe, na alipothibitishiwa akasema kwamba sababu haijui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la ualimu wa fizikia linalotolewa Uingereza, na tangu hapo jambo lile linajulikana duniani kama athari ya Mpemba. Neno lililotungwa darasani kuwa kejeli limekuwa istilahi ya sayansi.

Kisa hiki husimuliwa mara kwa mara, na kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya hamasa: kijana aliyejiamini akashinda. Nadhani usimulizi huo unapoteza mafunzo yaliyo muhimu zaidi. Tuyatazame kwa utulivu.

Kwanza, Mpemba hakuanza kwa kujiamini. Mwalimu wake wa kwanza alipomwambia amechanganyikiwa, alikubali. Kujiamini kwake kulijengwa polepole, kwa vifaa vinavyoweza kutajwa: alichokiona kwa macho yake, ushuhuda wa mchuuzi wa Tanga, na jaribio alilolirudia maabara. Hapa ndipo kujitambua kunapotengana na majigambo. Mwenye majigambo husema "najua" kwa sababu ni yeye anayesema. Mwenye kujitambua husema "nimeona", kisha hukubali kurudi kutazama tena. Semina zetu za hamasa humfundisha kijana lile la kwanza. Humwambia arudie mbele ya kioo kwamba yeye ni mshindi. Hazimfundishi kuuliza: nimeona nini, nimekijaribu mara ngapi, na ni nini kitakachonionyesha kwamba nimekosea? Ujasiri usio na maswali hayo huvunjika siku ya kwanza unapogongana na maisha, na usipovunjika ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa huzaa viongozi wasiosikia.

Pili, tuangalie kile kicheko cha darasani. Ni rahisi kumlaumu mwalimu, lakini waliolifanya jina la Mpemba kuwa mzaha wa kila siku walikuwa vijana wa rika lake. Tena walipomlaumu walitumia neno "aibu". Hawakumwambia kwamba swali lake ni baya. Walimwambia kwamba limewaaibisha. Neno hilo ni nguzo katika malezi yetu, na lina kazi njema: humzuia mtu asiibe, asimtukane mzazi wake, asimwache jirani na msiba peke yake. Lakini jamii inapoiweka aibu penye kuuliza badala ya kuiweka penye kudanganya, huwa imeigeuza silaha yake dhidi yake yenyewe. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba kutojua si kosa, kosa ni kuonekana hujui. Akikua huwa mtu wa kuitikia kwa kichwa katika mikutano asiyoielewa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tunaifundisha methali hiyo darasani na kuikanusha kwa vicheko vyetu dakika tano baadaye.

Tatu, yuko mchuuzi wa Tanga, ambaye hutajwa kidogo sana. Huyu alikuwa na maarifa. Alijua kwa uzoefu wa mikono yake jambo ambalo mwalimu mwenye kitabu alilikataa. Lakini maarifa yake yalibaki kuwa mbinu ya biashara, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua kinaweza kuwa swali la sayansi. Mpemba alisimama kati ya mtaa na shule, akakubali kwamba mtaa nao unaweza kuisahihisha shule. Ni mara ngapi mwanafunzi wetu huvua ujuzi wake mlangoni mwa darasa kama anavyovua ndala? Mtoto wa mvuvi wa Kilwa anayezijua bamvua na mawimbi, mtoto wa mfugaji wa Monduli anayesoma afya ya ng'ombe kwa kuwatazama tu, huingia darasani na kufanywa kuwa mtu asiyejua chochote. Kujitambua kwake huanza kufa hapo, si kwa sababu amefundishwa mambo mapya, bali kwa sababu ameambiwa kimyakimya kwamba ya zamani hayakuwa kitu.

Nne, na hili ningependa watumishi wa umma walisome mara mbili, katika maelezo ya makala ile ya 1969 yumo fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kulijaribu swali la Mpemba. Alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Tafakari hali ya mtu huyo. Yeye si mtoto, wala hakuna anayemcheka. Ana vifaa, ana mafunzo, na ameona kwa macho yake. Hata hivyo anayaamini macho yake kidogo kuliko anavyoamini matarajio ya waliomzidi cheo. Kosa analolisahihisha ni lile lililo katika ukweli wenyewe.

Fundi yule anaishi katika ofisi zetu nyingi. Ni ofisa anayerekebisha taarifa ya kijiji ili ifanane na lengo la wilaya. Ni mkaguzi anayekuta darasa halina madawati na kuandika kwamba hali inaridhisha, kwa kuwa mgeni wa wiki ijayo ametaka kusikia hivyo. Ni mchumi kijana anayejua kwamba makisio ni ya uongo, lakini ameona yaliyompata aliyesema mwaka jana. Tunawaita watu hao waoga au wala rushwa, na wengine wao ndivyo walivyo. Lakini wengi ni watoto waliolelewa vizuri kwa kipimo chetu wenyewe. Tuliwafundisha nyumbani kwamba mkubwa hajibiwi, tukawafundisha shuleni kwamba jibu sahihi ni lile alilonalo mwalimu, kisha tukawapa ajira na kushangaa kwa nini taifa halipati taarifa za kweli. Malezi ya mtoto mmoja mmoja, yakijumlishwa, huwa ndiyo utawala wa nchi.

Haya yote hayakuwa siri kwa waliotutangulia. Miaka minne baada ya aiskrimu ya Magamba, mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunalikumbuka kwa mashamba ya shule na majembe. Tunasahau kwamba lilitaja tabia tatu ambazo elimu ilipaswa kuzijenga kwa kila raia: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yao kulingana na mahitaji yake, na imani ya msingi kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake, anayewathamini nao wakamthamini. Ukiyasoma hayo matatu kwa pamoja, unapata maelezo ya kujitambua yaliyo bora kuliko ya semina yoyote ya leo. Na utaona kwamba Mwalimu hakuyaweka mabegani mwa mtoto. Aliyaweka mabegani mwa mfumo wa elimu.

Mfumo huo umefika wapi? Tumepanua nafasi za masomo kwa kiwango ambacho mwanafunzi wa mwaka 1963 asingekiota. Wakati ule kufika sekondari kulikuwa bahati ya wachache mno. Leo, baada ya kuondolewa ada katika shule za msingi mwaka 2001 na katika sekondari ya chini mwaka 2016, watoto wa makabwela wamejaa madarasani. Hilo ni tendo la haki na lisibezwe. Lakini mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba katika shule ya msingi ya serikali huingia kidato cha kwanza na kukuta kwamba lugha aliyokuwa akiulizia imeondolewa mdomoni mwake kwa siku moja. Awali aliogopa kuuliza kwa sababu ya kicheko. Sasa anaogopa kwa sababu ya sarufi. Atakaa kimya, atakariri, na akifaulu atakuja chuo kikuu. Sisi wahadhiri ndio tunaompokea, na tunalalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawaulizi chochote isipokuwa kama jambo fulani litatoka katika mtihani. Swali hilo la mtihani ndilo pekee alilolelewa kuliuliza bila kuchekwa.

Ipo pia bakora. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwa makosa makubwa. Kila aliyesoma katika shule zetu anaweza kupima mwenyewe umbali uliopo kati ya kanuni hizo na aliyoyaona. Ninachokitilia mkazo si maumivu peke yake. Mtoto anayechapwa kwa kukosa jibu hujifunza kwamba kukosea ni uhalifu. Naye aliyejifunza hivyo hatajaribu jambo ambalo hana hakika nalo, na mtu asiyejaribu asilokuwa na hakika nalo hawezi kujua uwezo wake unaishia wapi. Huishi ndani ya ua aliojengewa na hofu na kudhani kwamba huko ndiko mwisho wa ardhi.

Najua hoja zitakazotolewa kunipinga, na ni za haki. Ya kwanza itasema: sisi tulichapwa, tulinyamazishwa, na bado tumekuwa watu. Wengine watamtaja Mpemba huyo huyo, kwamba kejeli ndiyo iliyomkomaza. Hoja hii ina udhaifu mmoja mkubwa: inawahesabu waliovuka na kuwasahau waliozama. Tunamjua Mpemba kwa sababu Dk. Osborne alimjibu. Kama mgeni yule naye angecheka, tusingekuwa na jina la kulitaja, na mpinzani wangu asingekuwa na mfano. Hatuwezi kuusifu mto kwa kuwatazama waliofika ng'ambo tu.

Ya pili itasema kwamba ninabomoa adabu. Kwamba watoto wa leo tayari hawana heshima, na mimi ninawapa ruhusa ya kuwajibu wakubwa. Jibu langu ni kwamba Mpemba hakuvunja adabu hata mara moja. Alisimama, akangoja zamu, akauliza kwa maneno ya staha. Heshima na kuuliza hazijawahi kuwa maadui. Katika mila zetu nyingi, jando na unyago vilikuwa shule za maswali: vitendawili, mafumbo na nyimbo ambazo mwari alitakiwa kuzifumbua, huku somo au kungwi akimwongoza. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, haikumpa haki ya kutukana. Ilimtaka mtu mzima asikilize. Adabu inayohitaji ukimya wa mtu mmoja ili heshima ya mwingine isimame ni woga uliovikwa kanzu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Itasema kwamba kujitambua hakujazi tumbo. Kwamba mtoto anayetembea kilomita nyingi kwenda shule bila kula, na kukaa katika darasa la wanafunzi mia na zaidi, hahitaji falsafa, anahitaji uji na dawati. Nakubali. Ningeongeza kwamba Mpemba mwenyewe alikuwa na jokofu, maabara na mwalimu wa chuo kikuu aliyekuja kumtembelea. Uwezo wa mtu huhitaji vitu vya kushikika ili utoke nje. Ndiyo maana sikubaliani na wahubiri wa hamasa wanaomwambia maskini kwamba umaskini wake ni wa fikra. Lakini dawati na uji vitamfikisha mtoto darasani. Havitaamua kitakachompata akinyoosha mkono. Na lile la mkono halina gharama. Kusema "sijui, twende tukajaribu" hakuhitaji bajeti ya wizara.

Tutazame pia mfano mwingine, ili isionekane kwamba ninazungumzia wanasayansi peke yao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watu wa hali ya chini waliotoka katika utumwa. Hakusoma skuli. Alifinyanga vyungu kama wazazi wake na kuvitembeza kuviuza, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akapata wanamuziki waliomfunza, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, akawa mwimbaji ambaye Shaaban Robert aliona anastahili kuandikiwa wasifu. Je, alijitambua? Bila shaka. Mwanamke aliyeambiwa na jamii nzima kwamba si kitu, naye akapanda jukwaani, alikuwa anajua jambo kuhusu nafsi yake. Lakini alikwenda mjini akiwa mtu mzima wa karibu miaka 30, na huko ndiko alikofunzwa. Samaki, kwa kipimo cha methali, alikuwa amekwisha kukauka. Bado alikunjika, kwa kuwa aliwakuta watu walioisikia sauti yake kabla ya kuuliza ukoo wake.

Hapa ndipo napotaka kuwatuliza wale wanaosoma makala hii wakihisi kwamba kwao muda umepita. Malezi hayafungwi siku mtu anapotimiza miaka 18. Chuo ni malezi. Kambi ya jeshi ni malezi. Ofisi ni malezi, na mkuu wa idara ni mlezi apende asipende. Mtumishi kijana anayeingia kazini hutazama jambo moja katika wiki zake za mwanzo: ni nini humpata anayesema kwamba takwimu hazilingani. Atakachokiona kitamlea kwa miaka 30 ijayo. Ndiyo maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaitaja methali hii kama tishio, na sisi wenyewe ndio ulimwengu wenyewe.

Basi wajibu uko kwa nani? Uko pande zote mbili, na haugawanyiki nusu kwa nusu. Kila upande una wajibu wake mzima. Mwenye mamlaka, awe mzazi, mwalimu au mkurugenzi, ana wajibu wa kufanya yale matatu aliyoyafanya Dk. Osborne: aliomba swali lirudiwe ili alielewe, aliuliza kama aliyeuliza amejaribu mwenyewe, na alikiri mbele ya shule nzima kwamba hajui. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo lililomlea Mpemba kuliko mengine. Mtoto anayemsikia mkubwa akisema "sijui" bila kufedheheka hujifunza kwamba kutojua ni mahali pa kuanzia safari.

Aliye chini naye, awe mwanafunzi au mtumishi, ana wajibu wake ambao hakuna mlezi atakayemfanyia. Asiishie kulalamika kwamba hasikilizwi. Aende maabara alasiri. Apime, arudie, aandike, ili siku mlango utakapofunguka awe na jambo la kusema zaidi ya hasira. Wanaharakati wenzangu, hili linatuhusu sana. Mara nyingi tunasimama mbele ya wakubwa tukiwa na ujasiri wa Mpemba bila vile vyombo viwili vya maji, na tukiulizwa kama tumejaribu wenyewe tunakosa jibu. Na aliye kati ya wenzake ana wajibu pia, ule mdogo kuliko yote na unaosahaulika kuliko yote: asicheke.

Nimalizie kwa jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji. Wanasayansi hawajakubaliana hadi leo kuhusu athari ya Mpemba. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kuieleza, yakaja majibu zaidi ya 22,000 kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha makala wakitilia shaka kama athari yenyewe ipo, wakionyesha jinsi mahali pa kuweka kipimajoto panavyoweza kubadili matokeo. Wengine wanaendelea kuitafuta katika mifumo tofauti kabisa na maji. Inawezekana, siku moja, ikathibitika kwamba mwalimu wa Mkwawa alikuwa karibu na ukweli kuliko tunavyodhani.

Hilo halipunguzi chochote. Thamani ya swali la Mpemba haikutegemea kwamba yeye yuko sahihi. Ilitegemea kwamba alikuwa ameona, amejaribu, na ameuliza. Mwalimu, hata kama siku moja ataonekana alikuwa sahihi, alikosea alipomfungia mtoto mlango wa kupima. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka na kuitumikia nchi katika uhifadhi wa wanyamapori, kazi ya heshima isiyo na makofi mengi. Kukua kwa mtu hakupimwi kwa umaarufu. Hupimwa kwa kuwa, popote alipowekwa, anaweza kusema alichokiona na kukaa tayari kusahihishwa. Taifa lenye watu wa namna hiyo katika kila shule, kila zahanati na kila ofisi ya kata halitahitaji kununua kujitambua kwenye semina.